Bawa la Vidole Sita

Mukai alikuwa amelisubiri bawa lile kwa miezi mingi, na siku aliyoliona ndiyo siku aliyoanza kuogopa.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, mwaka wa tisini na nne, walimu wa chuo kikuu wakiwa wamegoma na milango ya maabara imefungwa kwa minyororo. Mukai alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, na utafiti wake ulikuwa ndani ya mayai ya kuku. Yai halijui mgomo. Msimamizi wake, Dokta Okoth, alimruhusu kuihamisha mashine ya kuangulia mayai, hadubini na vichupa vyake vya dawa hadi mtaa wa Umoja, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoishi na mumewe Muthama. Mashine ikawekwa chumbani, pembeni mwa kitanda. Stima ilipopotea, na ilikuwa ikipotea mara kwa mara, Mukai aliifunika kwa blanketi na kuizungushia chupa za maji ya moto, na Muthama akawa anawatania majirani kwamba mke wake analalia mayai.

Asubuhi hiyo alivunja yai moja, akakilaza kiinitete kwenye sahani ya kioo, akainamia hadubini. Bawa la kifaranga huwa na vidole vitatu. Hili lilikuwa na sita. Vitatu vilielekea upande huu na vitatu upande ule, vikitazamana kama mtu na sura yake kiooni. Moyo ulimruka kwa furaha. Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta.

Kila seli ya mwili hubeba maagizo ya mwili mzima. Ya jicho inayo maagizo ya ini, na ya ini inayo ya jicho. Kinachozitofautisha ni maagizo gani yanasomwa na kunakiliwa, mahali gani, wakati gani, na yapi yanaachwa kimya. Kuna asidi moja itokanayo na vitamini A ambayo ni mmoja wa watoa amri katika kazi hiyo. Huingia hadi kiini cha seli, ikashikana na protini inayoingoja huko, na jeni zilizokuwa zimelala zikaanza kunakiliwa. Mwili wenyewe huitengeneza kidogo kidogo, mahali pake na wakati wake. Mukai alikuwa ameichovya shanga ndogo ndani ya asidi hiyo na kuipachika upande wa mbele wa chipukizi la bawa, mahali isipostahili kuwapo kwa wingi. Seli za mbele zikasoma maagizo ya nyuma. Hazikufa wala hazikuugua. Zilitii.

Jicho lake lingali kwenye hadubini, harufu ya yai ikampanda puani, tumbo likamgeuka. Jana yake nesi wa zahanati alikuwa amemwambia kwamba alichodhani ni malaria ni mimba, tena imeshafika miezi miwili na zaidi. Alikuwa amerudi nyumbani akicheka peke yake njiani. Sasa aliacha hadubini, akaketi kitandani, akakitazama kiganja cha mkono wake wa kulia. Kulikuwa na kovu jipya pale.

Alilipata alasiri moja, wiki kadhaa nyuma. Stima ilikuwa imepotea, naye alikuwa akifanya haraka kuloweka shanga kabla mayai hayajapoa. Sanduku la glavu lilibaki maabara, nyuma ya minyororo. Kichupa kilimponyoka, akakidaka vibaya, kikapasukia kiganjani. Aliuosha mkono kwa sabuni, akachomoa kigae, akafunga kitambaa, akaisikitikia dawa iliyomwagika kwa sababu kuagiza nyingine kulikuwa na taabu. Hakusikitikia kitu kingine. Lakini asidi ile ilikuwa imeyeyushwa katika kimiminika kinachopenya ngozi upesi na kubeba chochote kilichomo ndani yake. Waliowahi kumwagikiwa nacho husema huonja kitunguu saumu mdomoni muda mfupi baadaye.

Siku ile Mukai alionja kitunguu saumu. Na hakuwa amekula chochote chenye kitunguu saumu.

Alirudisha hesabu ya mimba nyuma, akaihesabu tena kwa vidole kama mtoto wa shule, akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea. Kichupa kilipasuka wakati kilichomo tumboni mwake hakijafikia ukubwa wa punje ya harage, wakati ambapo moyo unajikunja, uso unaungana, na mahali pa masikio panachaguliwa. Alijua nini hutokea amri ikitolewa visivyo katika wakati kama huo. Jibu lilikuwa pale, juu ya sahani ya kioo.

Hakumwambia mtu habari ya kichupa. Muthama alikuwa dereva wa lori la kiwanda kimoja cha sabuni Industrial Area, na habari ya mimba ilimfanya atembee kama aliyepandishwa cheo. Alimtumia mama yake ujumbe kwao Kangundo, na baada ya muda si mrefu Mama Kavindu akawasili na kuku wawili, kiondo cha mbaazi, na nia ya kukaa mpaka mjukuu azaliwe. Alikuwa mjane wa mchonga vinyago, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, ambaye akiingia jikoni hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Woga ulimfuata Mukai hadi kwenye chakula. Jirani yake, Saado, mfanyabiashara wa nguo Eastleigh, alisikia habari akamletea maini ya kukaanga na vitunguu, kama kwao wanavyokula asubuhi, akisema mjamzito anahitaji damu. Mukai alimshukuru, akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaufunga mlango, na hakuweza kumeza hata kipande. Maini yamejaa vitamini A. Akayaogopa maini, akayaogopa maziwa, hata karoti ambazo alijua vizuri hazina kosa. Muthama alipomuuliza mbona anakonda, alisema ni kichefuchefu.

Kwa mayai hakujua afanye nini. Alikuwa ameapa hatayaangalia tena, na bado kila asubuhi alivunja moja. Alijiambia ni kazi. Kwa kweli alikuwa akitafuta yai moja ambalo shanga ilipachikwa na bawa likatoka zima, ili ajue kwamba inawezekana kuponyoka. Mengine yalitoka na vidole vinne, mengine vitano. Hakuliona la vitatu.

Siku moja alitoka dukani akamkuta Mama Kavindu amesimama chumbani mbele ya ile sahani, ameinama, mikono ameificha ndani ya leso. Mama hakushtuka. Aliuliza bila kumtazama:

“Hivi vidole umeviongeza wewe?”

“Ndiyo, Mama. Ni kazi ya chuo.”

“Umeviongeza kwa dawa?”

“Kwa dawa.”

Mama Kavindu aliipa sahani mgongo. Kisha akasema kwamba mwanamke mwenye mimba hatazami viumbe vilivyoharibika, kwa maana mtoto huchukua kile mama yake anachokitazama. Siku nyingine Mukai angelimweleza kwa upole kwamba macho hayana njia ya kufika tumboni. Siku hiyo aliiondoa tu sahani, kwa sababu ngozi inayo njia.

Juma lililofuata alikwenda mjini kutafuta glavu, na aliporudi aliikuta mashine imechomolewa kwenye soketi na kufunikwa kwa shuka. Mayai yote yalikuwa yamepoa. Mama Kavindu alikuwa uani akipepeta mbaazi, na hakujificha. Alisema ni yeye, na kwamba kama ni kugombana wagombane. Mukai alishangaa kuona kwamba hakukasirika. Miezi ya kazi ilikuwa imekufa ndani ya mashine ile, naye alisimama mlangoni akajisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Jambo hilo lenyewe lilimwogopesha. Alijua kwamba hawezi kuendelea hivyo.

Alikwenda Buruburu, nyumbani kwa Dokta Okoth. Mzee huyo alikuwa akipalilia maua, mgomo umemfanya mkulima. Alimkaribisha sebuleni, akawatuma watoto nje, akamsikiliza Mukai mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza jambo moja tu.

“Ulionja kitunguu saumu?”

“Nilionja, Daktari.”

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaishika mkononi bila kuivaa.

“Basi kiasi fulani kiliingia,” alisema. “Kiasi gani, sijui. Wale wanawake wa ng'ambo waliozaa watoto wenye kasoro walimeza vidonge vya dawa ya jamii hii kila siku, kutibu chunusi. Kichupa chako chote hakikufika nguvu ya kidonge kimoja, na kingi kilienda na maji ya bomba. Hilo nalijua. Lakini mimi sijawahi kupima mkono wa mtu, Mukai. Sitakuambia hakuna kitu.”

“Masikio, uso, moyo, ubongo,” Mukai alisema. “Nimesoma.”

“Najua umesoma. Ndiyo maana nakuonea huruma.”

Alimweleza ni hospitali gani mjini yenye mashine nzuri ya kuchunguza tumbo, akaandika jina la daktari anayefahamiana naye. Akalaumu mgomo, akaulaumu uamuzi wake mwenyewe wa kuruhusu dawa zitoke maabara. Walipofika langoni alimwambia amweleze mumewe, kwa kuwa hofu ya namna hiyo haifai kubebwa na mtu mmoja. Mukai alirudi kwa miguu, njia yote ya Mutindwa, akipanga maneno.

Alimwambia Jumapili mchana, Mama Kavindu akiwa kanisani. Muthama alikuwa akipiga pasi shati lake la kazini. Alimsikiliza, pasi ikiwa juu hewani, halafu akaisimamisha pembeni na kuchomoa waya.

“Sema kwa lugha yangu,” alisema. “Ina maana gani?”

“Ina maana mtoto anaweza kuzaliwa hana masikio. Au moyo wake uwe na tundu. Au asiwe na kasoro yoyote.”

“Na ni lipi?”

“Hakuna anayejua.”

Alitoka nje. Kupitia dirishani Mukai alimwona amesimama langoni, vijana wa ploti, majirani wa ua mmoja, wakimwamkia niaje, naye hawajibu. Alidhani atakwenda zake. Alikuwa tayari kwa hilo. Kwa majuma mengi alikuwa ameifanyia mazoezi picha ya mlango ukifungwa. Muthama alirudi, akakaa kitandani karibu naye, akakishika kiganja chenye kovu na kukigeuza juu na chini kama anayetafuta kitu ndani yake.

“Ungeniambia siku ile ile ningeogopa pamoja na wewe,” alisema. “Sasa umeogopa peke yako, na mimi natembea nikicheka kama mjinga.”

Walikubaliana mama asiambiwe.

Daktari wa mjini alikuwa mtu mpole mwenye vidole baridi. Alipitisha kifaa chake juu ya tumbo, na kwenye kioo cha mashine kukatokea vumbi la kijivu linalotembea. Muthama aliona vumbi tu. Mukai aliuona uti wa mgongo, ukiwa umepangika kama shanga, akaziba mdomo kwa mkono. Daktari alitafuta moyo kwa muda mrefu, akavihesabu vyumba vyake vinne, akasema unapiga sawasawa. Akatafuta figo, akaziona. Kuhusu masikio hakuweza kusema. Mtoto alikuwa amegeukia ndani, mkono mmoja usoni, akakataa kusogea hata alipogongwagongwa. Daktari alisema warudi mwezi ujao, na mwezi uliofuata mtoto alikuwa amelala vilevile.

Basi wakasubiri. Tumbo lilikua, mtoto akacheza kwa nguvu, na kila teke lilimfurahisha Mukai kwa muda mfupi, halafu hofu ikarudi mahali pake. Alianza kuzungumza na tumbo kwa sauti ya juu, akaangalia kama litaruka. Wakati mwingine liliruka. Wakati mwingine halikuruka, na siku hizo alishindwa kula. Mama Kavindu naye alikuwa na vituko vyake. Alisisitiza kwamba lazima awepo mtoto akizaliwa, na kwamba aonyeshwe yeye kabla ya watu wa nje. Aliyasema haya mara nyingi mno, kwa sauti ya mtu anayeomba, na Mukai akajiuliza kama Muthama amevunja ahadi na kumweleza. Muthama aliapa hajafungua mdomo.

Uchungu ulianza alfajiri, Muthama akiwa safarini Nakuru na lori. Mume wa Saado, Kadar, aliwasha pikapu yake, akampeleka hospitali ya uzazi na Mama Kavindu pembeni, lakini langoni mama alizuiwa. Wageni ni saa za kutembelea wagonjwa tu, askari alisema. Alimsihi, akamshika hata mkono wa koti, ikawa kazi bure. Mukai alimwacha pale nje akiwa amesimama na chupa ya uji kifuani, uso wake umesawijika kuliko wa mwenye uchungu.

Mtoto alizaliwa jua limeshapanda. Alilia mara moja, kwa sauti nene ya hasira.

“Msichana,” mkunga alisema.

“Ana masikio?”

“Masikio?” Mkunga alimtazama. “Anayo. Mawili, kama watu wengine.”

Mukai alifumba macho. Akavuta pumzi hadi chini kabisa. Alimsikia mkunga akimpangusa mtoto, akimpima, akizungumza naye kwa maneno ya kubembeleza. Halafu sauti ikakatika.

“Ana kidole cha ziada,” mkunga alisema. Akaugeuza mkono wa pili. “Na huku pia.”

Alimletea. Kwenye kila mkono, kando ya kidole cha mwisho, kulikuwa na kidole kingine kidogo, laini, chenye ukucha wake kamili, kinachoning'inia kwa ngozi nyembamba. Mukai alivihesabu. Sita. Akavihesabu vya mkono wa pili. Sita. Aliona sahani ya kioo, akaliona bawa, akasikia harufu ya yai katika wodi ile iliyonukia dawa ya kusafishia sakafu. Seli za mwanawe zilikuwa zimetii. Kama vidole vimetii, ni nini kingine kilichotii ndani, mahali ambapo jicho halifiki? Mkunga alikuwa akieleza kwamba si kitu cha kutisha, kwamba wao huwaona watoto hao mara nyingi, na kwamba wengine hufungwa uzi tu kidole kikaanguka. Alikuwa tayari ameukata uzi.

“Usikiguse,” Mukai alisema, akamvuta mtoto kifuani.

Akabaki hivyo, amemfunika mikono mtu asije akaiona, mpaka saa za kutembelea wagonjwa. Hakulia. Alikuwa akipanga namna ya kumwambia mtoto huyu, atakapokuwa mkubwa, kwamba mama yake alimharibu kwa sababu ya kukosa jozi ya glavu.

Mama Kavindu na Muthama waliingia pamoja. Muthama alikuwa bado na vumbi la barabara kwenye nyusi. Mukai hakungoja salamu. Alifunua shuka, akaitoa mikono ya mtoto mmoja mmoja, akaiweka wazi mbele yao.

“Ni mimi,” alisema. “Mama, dawa ile ya mayai ilinimwagikia mkononi nikiwa mjamzito. Tulikuficha. Nimemfanyia mtoto wenu nilichokuwa nikiwafanyia vifaranga.”

Mama Kavindu aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Alivitazama vidole vile. Kisha akaitoa mikono yake ndani ya leso, akaiweka kando ya mikono ya mtoto. Kwenye ukingo wa kila kiganja, chini ya kidole cha mwisho, kulikuwa na kikovu kilichotuna, kidogo kama punje ya mchele.

“Mama yangu alivifunga kwa uzi wa katani,” alisema, “vikanyauka vikaanguka. Yeye pia alikuwa navyo. Na vya huyu Muthama nilivifunga mimi mwenyewe.”

Muthama aliitazama mikono yake kana kwamba ameiazima.

“Uliniambia ni chunjua.”

“Ungelienda kusema shuleni.”

Hapo maneno yakamtoka Mama Kavindu, yeye asiyependa maneno. Alisema alipoliona bawa la vidole sita kwenye sahani, alidhani Mukai ameshajua. Alidhani Muthama ameigundua siri ya mikono yao na kumwambia mkewe msomi, na kwamba Mukai ameleta mayai nyumbani kutafuta kilichoharibika katika ukoo wao. Ndiyo sababu akaizima mashine. Ndiyo sababu alitaka awepo wakati wa kuzaliwa, avifunge vidole kwa uzi kabla mtu hajaona, kwani binti wa kwanza wa mwanawe alikuwa apewe jina lake, na aliogopa amempa na kidole. Langoni asubuhi ile alikuwa na uzi mfukoni. Aliutoa akawaonyesha, umeviringwa kwenye kipande cha karatasi.

“Nimekuogopa miezi yote hii,” alisema.

Mukai alimtazama. Alichukua mkono wa mtoto tena, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akautazama kama mtu mwenye elimu yake. Asidi yake iliongeza vidole kutoka upande wa mbele wa bawa, upande ambao kwa binadamu ni wa kidole gumba, ikavigeuza kama sura kiooni. Hiki kilitoka upande wa pili kabisa. Tena kilitoka kwenye mikono yote miwili, mahali palepale, na mahali palepale kwa nyanya yake. Hiki kilikuwa kimeandikwa kabla ya kichupa, kabla ya mashine, kabla yeye na Muthama hawajajuana. Huenda ni jeni iliyochelewa kunyamazishwa kidogo tu, pale ukingoni mwa kiganja, ikaendelea kunakiliwa wakati zingine zimekwisha kukoma. Alijaribu kuwaeleza hivyo, kwa kutangatanga, huku machozi yakimwingia mdomoni. Muthama alisema hajaelewa lakini anaamini. Mama Kavindu aliuliza jambo moja: kama basi kosa ni lake yeye.

“Si kosa la mtu, Mama,” Mukai alisema. “Mwili uliambiwa hivyo tangu zamani.”

Daktari wa watoto alimsikiliza mtoto moyo, akasema hana neno. Vidole vilikatwa kliniki baada ya majuma machache, kwa kisu cha daktari, si kwa uzi, na Mama Kavindu alinung'unika kwamba ule uzi wake ulikuwa safi. Mtoto akaitwa Kavindu, na nyanya yake akawa anamwita somo, kwa kuwa jina lao ni moja.

Lakini hofu haitoki yote kwa mlango mmoja. Masikio yalikuwepo, na hakuna aliyeweza kumwambia Mukai kama yanasikia. Sikio la nje hujengwa kwa amri zake, na la ndani kwa amri nyingine. Kila mara mtoto alipolala, Mukai alisimama nyuma ya kitanda akagonganisha vifuniko vya sufuria. Mara nyingine kope zilicheza. Mara nyingine mtoto alilala kama jiwe, na Mukai akarudi jikoni. Saado alimwambia watoto wake wote walilala hivyohivyo, katika mtaa wenye kelele kama huu nani asingezoea. Mukai alikubali kwa kichwa, kisha akavichukua vifuniko tena.

Mgomo ulipokwisha, Muthama aliirudisha mashine chuoni kwa lori. Mukai alirejea maabara pia, ila hakugusa kichupa chochote cha asidi ile mpaka alipoacha kunyonyesha, na hata hapo alivaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, wenzake wakamcheka. Hakuwaeleza.

Asubuhi moja, mtoto akiwa ameanza kuishika shingo yake, Mama Kavindu alikuwa uani anafua, Mukai amempakata mtoto mlangoni. Mama alimwita kutoka kule kwenye kamba ya nguo, kwa sauti ya kawaida tu, bila kupaza.

“Somo.”

Mtoto aliacha kunyonya. Aligeuza kichwa chote, polepole, kuelekea ilikotoka sauti, akatafuta kwa macho mpaka akampata. Mukai alisema, “Mama, mwite tena.” Mama Kavindu akaita. Mtoto akacheka kwa ufizi mtupu. Mukai alilia kwa kwikwi kubwa, pale mlangoni, mbele ya majirani wote wa ploti, mpaka mama mkwe akaja mikono inachuruzika mapovu, akamnyang'anya mtoto na kumkemea kwamba anamwogopesha.